Siku Moja Bila Maumivu, na Sasa Naitwa Muongo

Mama Kaswera, mushauri wetu wa asubuhi, salamu zangu na za nyumba yangu zikufikie, ninakuandikia kutoka Murara nikiomba musaada wako mbele ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa kisha ya swala bamama wa jikoni wananingoja na mimi sijui nitasimama mbele yao namna gani, nikisimama vizuri ni kosa na nikisimama vibaya ni kosa.

Jina langu usilitaje kwa radio, sema tu Mama Asma, hapa kartie yetu wenye kuitwa hivyo hawakosi. Bwana yangu ni Mahamudi, anaendesha lori, anapandisha sukari na mafuta mpaka Kalengera na kushuka na maharage, ni mutu wa maneno machache. Wazee wetu walitoka Maniema wakaja Goma na biashara, sisi tumezaliwa hapa, watoto wetu pia. Asma ni binti yangu wa kwanza, ameposwa, na ndoa yake iko mwezi ujao, ndiyo maana unaona nina haraka.

Acha nikueleze kwanza mambo ya jikoni, maana wewe ni Munande wa Butembo na labda kwenu munafanya namna ingine. Sisi, ndoa ikifika ao matanga, hakuna mutu anayepika peke yake, bamama wa kikundi wanakuja na visu vyao na sufuria zao, wengine wanakata vitunguu, wengine wanachagua muchele, wengine wanatwanga majani ya sombe, na kuna mumoja anayeshika mwiko wa pilau, ule mwiko murefu wa mbao. Mwenye mwiko ndiye anasema makala ya moto yapunguzwe ao yaongezwe, hata mukubwa wa kikundi akifika pale anauliza kwanza kabla ya kufunua sufuria. Ukipika kwa wenzako, wenzako watakuja kupika kwako. Mugonjwa anasamehewa kazi na haki yake inabaki palepale, lakini mwenye afya akijificha nyuma ya ugonjwa, siku yake ikifika jikoni kwake hawaendi, na mama ambaye kikundi hakikufika kwa ndoa ya binti yake, Mama Kaswera, hiyo aibu watu wanaihadisia mpaka wajukuu.

Mwiko ule ulikuwa wangu. Kisha mwaka mumoja, wakati wa mvua, nilikuwa ninatoka kuchota maji, bidon iko mugongoni, na unajua mawe yetu ya volkano yakilowa yanavyokuwa, muguu ukateleza nikakaa chini kwa nguvu juu ya mawe na bidon ikanijia juu. Hospitali walipiga picha wakaona ufa mudogo kwenye mufupa wa kiuno, wakaniambia nilale, nikalala, wakapiga picha ingine wakasema mufupa umeungana, nikashukuru Mungu, lakini maumivu hayakusikia hiyo habari. Yalibaki. Kukaa yanauma, kusimama yanauma, nikipiga chafya ninashika ukuta, na kila mutu ananiambia usiiname mama, usibebe mama, huo mugongo utavunjika siku moja, mpaka mimi mwenyewe nikawa ninaogopa kuokota kandambili yangu. Bwana yangu akachukua kazi ya maji. Mwanaume kubeba bidon kutoka robine mpaka nyumbani kila siku ambayo hayuko safarini, wenzake wakimucheka, na hakuninung'unikia hata mara moja, na hiyo imepita miaka miwili sasa.

Bamama nao wakanihurumia. Wakasema pumzika, wewe ni mugonjwa wetu, wakanikalisha kwenye mukeka wa wageni na chai yangu na muto wangu nyuma, mwiko wakamupa mwenzetu Fatouma. Sikatai, walifanya vizuri. Lakini pale kwenye mukeka, kila anayepita anasema pole mama, mugongo unaendelea aje, nami ninajibu unaendelea tu, kisha anapita, na nyuma ya ukuta ninasikia wenzangu wanacheka na sijui wanacheka nini. Muchana ukifika maumivu yamenipanda mpaka mabegani, ninamuomba Asma anirudishe nyumba.

Kulikuwa pia kijana mumoja wa kine kwenye hospitali, wale wanaofundisha mwili kutembea tena, akaniambia mama, mufupa umepona, sasa ni mishipa ya fahamu na kichwa vinaendelea kutuma maumivu. Nilichukua kitenge changu nikatoka na sikurudi tena, maana nilielewa ananiambia nimekuwa wazimu.

Sasa sikiliza kilichofika. Mwezi uliopita Papa Ismael, jirani yetu, alioza binti yake, nikapelekwa kwenye mukeka wangu kama kawaida, na karibu na saa ya chakula nikasikia harufu. Fatouma alikuwa ameitwa mbele kupigwa picha na bibi harusi, na pilau ilikuwa inashika chini. Mutu aliyeshika mwiko miaka kumi na zaidi hiyo harufu haiwezi kumudanganya. Sikumbuki nilisimama namna gani, nilijiona tu niko jikoni, mwiko mukononi, ninasema toeni makala ya chini, leteni maji ya moto kidogo, nani aliweka chumvi hivi, na bamama wakaanza kunicheka na mimi ninawacheka, dufu lilikuwa linapigwa uani, kiuno kikaanza kufuata chenyewe. Nilikaa pale mpaka sufuria ya mwisho. Sikuumwa. Mama Kaswera, ninakuapia, sikuumwa, na sikugundua kama siumwi mpaka nilipofika nyumba, nikakaa kitandani nikalia kwa furaha, nikasema Mungu amenikumbuka.

Kesho yake video ilikuwa imekwisha kufika kila mahali. Kuna mutu aliyenichukua na telefone, mwiko juu, kiuno kinakwenda, meno yote nje, na chini yake wameandika, Mugonjwa wetu. Fatouma akasema mbele ya wengine eti miaka miwili ameungua na moshi kwa ajili ya mutu muzima. Mahamudi alionyeshwa na madereva wenzake akiwa bado njiani. Alipofika aliniambia, nimekuona unacheza. Basi. Kisha akaenda kuchota maji, lakini ile bidon ambayo siku zote anaingiza mpaka jikoni, aliiacha kwa mulango.

Sasa ninakuambia kitu ambacho sijamuambia mutu. Tangu siku ile nilianza kulala. Nilitaka waone. Jirani akipiga hodi, ninalala chini haraka, na mara zingine ninaguna mbele maumivu hayajafika, ili wasiseme niko muzima. Na maumivu yamekuja ya kweli, Mama, yamekuja kupita yale ya zamani, sasa hata kwenda choo Asma ananishika mukono, ananisafisha muguu, mutoto anayepaswa kuwa anapakwa hina. Jana aliniambia, mama, tufunge ndoa tu, karamu tuache, ili usipate haya. Alisema akitabasamu, ndiyo ilinichoma zaidi.

Kikundi kimeniita Ijumaa. Watanisikiliza, kisha wataamua kama wanakuja kwa ndoa ya Asma ao hawaji. Wifi yangu Asumini, dada wa Mahamudi, ameniambia nenda upige magoti, sema nilikuwa ninadanganya, nisameheni, bamama watalia kidogo, watakusamehe, mambo yamekwisha. Jirani yangu Marie-Claire yeye ameniletea fimbo ya marehemu baba yake, ananiambia hapana, ingia na hii umeinama, wataona wenyewe. Na mimi nikijiuliza kweli ni gani, ninachanganyikiwa. Kama ninaumwa, siku ile maumivu yalikwenda wapi? Kama siumwi, hiki kinachonilaza ni nini? Labda kweli nilikuwa ninadanganya miaka miwili na sikujijua. Niende na magoti, ao niende na fimbo? Nijibu haraka, dada yangu.

Mama Asma, Murara

*

Mama Kaswera anajibu

Mama Asma, kwetu Butembo pia tunapika pamoja, usitudharau. Jina lako sikulitaja. Lakini kikundi chako chote kimekutambua tangu uliposema mwiko, na nafikiri ulipokuwa unaandika ulijua hivyo. Ni vizuri. Tuongee basi wakiwa wanasikia.

Nilisoma barua yako nikakuhurumia, nikairudia nikakasirika. Nianze na huruma.

Hukudanganya. Weka hilo kichwani mbele ya yote. Ulipoumwa miaka miwili, uliumwa kweli. Siku ya ndoa ya binti wa Papa Ismael, hukuumwa kweli. Hayo mawili hayapigani. Wewe na kikundi chako munafikiri mugonjwa wa kweli ni yule anayeumwa saa zote bila kupumzika, na ukiona mutu anacheka basi amepona ao alidanganya. Nani aliwaambia hivyo? Malaria yenyewe inaachia mutu asubuhi na kumurudia jioni, na hamuiiti muongo.

Juu ya kijana wa kine uliyemukimbia na kitenge chako. Nilikwenda kumuuliza Papa Fortunat, ambaye ni kine wa siku nyingi na watu wa Goma wengi wamepita mikononi mwake. Aliniambia yule kijana alisema kweli, ila alisema haraka. Maumivu yote yanapita kwa kichwa, hata ya kujikata na kisu. Papa Fortunat anasema ni kama sentineli, mulinzi wa nyumba iliyoingiliwa na wezi. Siku wezi walipokuja alipiga filimbi, alifanya kazi yake. Wezi wakaenda, ukuta ukatengenezwa, lakini yeye amebaki na woga, sasa paka akipita anapiga filimbi, upepo ukisukuma geti anapiga filimbi. Filimbi unaisikia na masikio yako, siyo ndoto. Lakini mwizi hayuko. Ufa wako ulikuwa mwizi, umeondoka. Sentineli wako bado anatetemeka, na kila mutu aliyekuambia usiiname, mugongo utavunjika, alikuwa anamuongezea woga.

Sasa siku ile jikoni, maumivu yalikwenda wapi? Hayakwenda mahali. Ulikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine angeifanya vizuri kama wewe. Ulikuwa katikati ya wenzako, unacheka. Mwili ulikuwa na joto, ulikuwa unasogea, na hukupata nafasi ya kuogopa. Sentineli akaona watu wa nyumba wote wako macho, wametulia, akakaa. Vijana wa mupira wanavunjika kidole cha muguu dakika za kwanza na wanakuja kukisikia mechi imekwisha, na hakuna anayewaambia walidanganya. Na pale kwenye mukeka, wewe na muto wako na chai yako, ulikuwa na kazi gani? Kusikiliza mugongo. Na kila anayepita anakukumbusha uusikilize. Hata mimi ningeumwa.

Usinielewe vibaya. Mwiko haukukuponya. Usitoke hapa ukasema Mama Kaswera amesema pilau ni dawa. Ulichoona siku ile ni mulango tu, umeona kama unafunguka. Kupita ni kazi, na ndipo hasira yangu inaanzia.

Mama Asma, umefanya nini na ile siku nzuri? Mungu alikupa siku moja ya kuonja afya, ukaichukua kama kosa, ukajifungia chumbani kama mutu aliyeiba. Unalala ili waone. Unaguna mbele maumivu hayajafika, kisha unashangaa yakifika. Unayaita, yanaitika. Mugongo usiosogea unakauka, miguu isiyotembea inalegea, na sentineli wako akiona umelala muchana mapazia yamefungwa anasema kumbe hatari ni kubwa kuliko nilivyofikiri. Hapo hujadanganya bamama, umejidanganya mwenyewe, na anayelipa ni Asma. Binti anayengoja hina anaosha miguu ya mama yake ili majirani waamini. Samahani ninasema kwa ukali, lakini wewe mwenyewe uliandika ilikuchoma. Iache ikuchome.

Sasa magoti na fimbo. Fimbo, hapana. Murudishie Marie-Claire, amekupa kwa upendo, mushukuru. Ukiingia na fimbo usiyoihitaji, hapo ndipo utakuwa umedanganya bamama wenyewe mara ya kwanza tangu hii habari ianze. Tena mwili unaigiza haraka, utaiacha fimbo kwa kikao na mugongo utatoka nje umeinama.

Magoti, hapana kabisa. Wifi yako Asumini anatafuta amani ya haraka, ninamuelewa. Lakini fikiri. Maumivu yatarudi, ninakuambia wazi yatarudi, siku fulani, labda wiki ile ile ya ndoa. Siku hiyo utamuambia nani, wewe uliyekwisha kusema mbele ya bamama wote kama ulikuwa unaigiza? Utakuwa umejifunga mudomo na mikono yako mwenyewe. Na kuna kitu kingine ambacho Asumini hakukifikiri, ingawa ni kaka yake. Mahamudi alibeba maji miaka miwili, wenzake wakimucheka. Ukisema ilikuwa uongo, umemufanya mujinga mbele ya Murara nzima. Umemuambia alibeba maji ya uongo. Huyo mwanaume hastahili hivyo.

Kwa hiyo, mbele ya Ijumaa, anza na yeye. Usimungojee aseme, umesema mwenyewe maneno yake ni machache. Muandalie chai, kaa karibu yake, muambie hivi: sikukudanganya, niliumwa, na siku ile sikuumwa, sikujua kama inawezekana, nikaogopa kukuambia. Kisha muulize juu ya ile bidon. Wewe ulisoma hasira pale kwa mulango. Inawezekana. Inawezekana pia alikuona unacheza, akafikiri sasa utaweza kumusaidia zile hatua mbili mpaka jikoni, akangoja utoke, na wewe ukalala. Mimi sijui, wewe hujui, yeye anajua. Muulize. Na ukimaliza kuuliza, chukua kidumu kidogo, kile cha mafuta ya kupikia, ujaze maji kutoka kwa hiyo bidon, uingize jikoni wewe mwenyewe, na kesho hivyo hivyo.

Ijumaa nenda na miguu yako. Asma akitaka kukusindikiza, mukatembee mukiongea juu ya ndoa. Ukifika, usikae kwenye mukeka wa wageni hata wakikuwekea muto. Waambie vile ulivyoniambia mimi, bila kulia sana: niliumwa kweli, na ile siku sikuumwa kweli, na tangu video nimekuwa ninalala ili munione, hapo ndipo nilikosea. Ndiyo, hilo la mwisho uliseme. Hilo ndilo kosa lako, na ni hilo tu unaloombea musamaha. Kisha, kabla hawajakuuliza kitu, omba kazi. Usiombe huruma, omba kazi. Sema, kwa matanga ao ndoa itakayokuja niwekeni kwa vitunguu. Utakwenda na kisu chako, utakata kidogo umekaa, utasimama utembee uani, utarudi ukate tena. Utafanya kiasi mulichopatana, ukijisikia muzuri usiongeze, ukijisikia vibaya usikimbie. Papa Fortunat alinisisitizia hapo mara nyingi, anasema wagonjwa wake wanaanguka palepale: siku nzuri wanafanya kazi ya wiki nzima, kisha wanalala wiki nzima, na mwili unajifunza kama kazi ni adui. Kidogo, kila siku, siku nzuri na siku mbaya, na kuongeza pole pole.

Mwiko muachie Fatouma. Ninajua umekunja uso. Muachie. Hata kwa ndoa ya Asma, usijaribu kushika ule mwiko ili kuonyesha watu. Utaurudia siku yako ikifika, na kama Fatouma ana akili atakuita wewe uonje chumvi.

Na kwa yule kijana wa kine, rudi. Muombe musamaha juu ya kitenge, mwambie aeleze tena pole pole, akufundishe kuinama na kunyanyua, maana mugongo uliopona unaruhusiwa kuinama. Kama hutaki yeye, tafuta mwingine, lakini usibaki na mugongo wako peke yako. Ila sikia hili vizuri, na wengine wote wanaosikiliza na migongo yao walisikie: miguu ikikufa ganzi ao ikikosa nguvu, mukojo ukikatika ao ukitoka bila kujijua, homa ikikaa, unakonda bila sababu, hiyo siyo ya kuandikia radio. Hiyo ni hospitali, siku ile ile.

Siwezi kukuahidi kama mbele ya ndoa utakuwa muzima. Anayekuahidi hivyo anataka kukuuzia kitu. Ninakuahidi tu kama unaweza kuumwa kidogo na ukawa jikoni kwako, ao ukaumwa sana na ukawa kitandani, na kuchagua kati ya hayo mawili kuko mikononi mwako zaidi ya unavyofikiri.

Bamama wa jikoni, sasa ni zamu yenu. Mulimupenda mwenzenu, mukamutoa kazini, mukamupa muto, na bila kujua mukamutoa pia kati yenu. Miaka miwili hakuna aliyemuuliza juu ya muchele, mulimuuliza juu ya mugongo tu. Ijumaa musimuangalie kiuno. Musihesabu mara ngapi ameshika ukuta. Na wewe uliyechukua video, ulichukua kitu kizuri sana, mwanamuke aliyesahau maumivu yake kwa sababu alikuwa na nyinyi. Ni maneno uliyoandika chini yake ndiyo mabaya. Yafute. Fatouma, wewe umechoka na moshi, una haki ya kuchoka, sema umechoka, utasaidiwa. Lakini usimuite mwenzako muongo ili upate kupumzika. Na kwa ndoa ya Asma mutakwenda, ninyi nyote, na visu vyenu, kwa sababu huyu hakujificha. Alikuwa amepotea, na siku ile aliposikia pilau inaungua alirudi mwenyewe, hakuna aliyemuita.

Nimalize na watu wawili tu. Asma, binti yangu, ninajua uko karibu, kwa sababu mama yako amelala sasa hivi na wewe uko kando yake. Karamu itakuwepo, usiifute. Mama Asma, toa shuka. Geuka upande, weka miguu chini, pumua, ngoja kidogo, kisha simama. Itauma, na hakuna kitu kitavunjika. Asma, usimushike mukono. Simama kwa mulango umungoje.